Atomu Tatu Zilizopungua Katika Laki Moja

Mnamo mwezi wa Mei 1972, katika mji wa Pierrelatte ulio kando ya mto Rhône huko kusini mwa Ufaransa, ambako serikali ya nchi hiyo ilikuwa na kiwanda cha kuchambua urani kwa ajili ya silaha zake, upimaji wa kawaida, wa namna ile ifanywayo kila siku pasipo mtu kutazamia habari mpya, ulitoa jawabu lisilolingana na majawabu yote yaliyoutangulia. Katika kila atomu laki moja za urani zilitakiwa ziwemo atomu 720 za namna nyepesi iitwayo urani 235, zikaonekana 717. Vipimo vikarudiwa, na zile tatu hazikupatikana.

Mtu wa nje angeona kwamba wakubwa wa kiwanda walijisumbua bure. Lakini urani 235 si bidhaa ambayo upungufu wake husamehewa, kwani ndiyo iliyotengenezewa bomu lililoteketeza Hiroshima, na kila dola inayoimiliki huiandikia hesabu ya gramu kwa gramu, wala watunzaji wake hawapati usingizi mpaka mizania imelingana. Shaka ya kwanza, kwa hiyo, ilikuwa shaka ya aibu na ya hofu: ama kuna aliyeiba, ama kuna aliyechanganya urani iliyokwisha kutumika katika kinu cha nyuklia na urani safi. Wakaifuata nyuma ile shehena, hatua kwa hatua na kiwanda kwa kiwanda, wakavuka nayo bahari hadi chimbuko lake, na chimbuko likawa ni machimbo ya Oklo, karibu na Franceville katika nchi ya Gabon. Huko, ndani ya mwamba ambao haujapata kuguswa na mkono wa mwanadamu, urani 235 ilikuwa imekwisha kupungua. Palikuwa na mbale ambayo zilibaki 440 tu katika laki. Ilipojumlishwa hasara ya mbale yote iliyokwisha kuchimbwa kutoka mahali hapo, ikafika kama kilo 200. Mwizi, ikiwa alikuwako mwizi, alikuwa amepita kabla ya kuwako mtu yeyote wa kufunga mlango.

Hapa sina budi kumwomba msomaji subira, kwa kuwa kisa hiki hakifahamiki bila ya kujua kwanza atomu imejengwaje, na ile picha ambayo wengi wetu tuliipokea shuleni, ya jua dogo lililozungukwa na sayari zake, imetusaidia kidogo na kutupoteza zaidi.

Wazo la atomu ni la kale. Wayunani walikuwa nalo, na baada yao wanazuoni wa Basra na Baghdad waliojishughulisha na misingi ya akida walijadiliana karne nyingi juu ya juzuu isiyogawanyika, ambayo kwao ilikuwa hoja ya tauhidi kabla ya kuwa hoja ya maumbile, na Ibn Sina akaipinga kwa kadiri ya nguvu zake, ambazo hazikuwa haba. Walakini hao wote walihukumu kwa akili tu. Aliyeileta mizani katika mazungumzo hayo alikuwa John Dalton, mwalimu wa huko Manchester, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliona kwamba elementi huungana kwa vipimo maalumu vya uzito visivyobadilika, na akakata shauri kwamba kila elementi ina atomu za namna moja, zenye uzito mmoja. Katika neno hilo la mwisho Dalton alikosea, na lau asingekosea, pale Oklo pasingekuwa na chochote cha kusimuliwa.

Mwaka 1897 J. J. Thomson alizigundua elektroni huko Cambridge, na hapo ikaanguka dhana kwamba atomu haina sehemu. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford katika mji ule ule wa Dalton, walielekeza chembe za alfa kwenye utando mwembamba wa dhahabu, na ilhali chembe zilizo nyingi zilipenya kana kwamba mbele yao hapakuwa na kitu, chache mno zilirudi zilikotoka. Rutherford akalitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na mwaka 1911 akatoa tafsiri ambayo hata leo haijatenguliwa: takriban uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kimoja kidogo chenye umeme chanya, na nafasi iliyobaki, ambayo ndiyo karibu atomu nzima, ni makao ya elektroni, ambazo kila moja yake haifiki hata sehemu moja katika 1,800 ya uzito wa protoni. Atomu za urani kama milioni tatu zikipangwa safu moja hujaza milimita moja tu. Na kiini cha kila moja ni chembamba kuliko atomu yenyewe mara zaidi ya elfu kumi.

Ndani ya kiini mna chembe za namna mbili. Protoni ndiyo yenye umeme chanya, na idadi yake ndiyo inayoipa elementi jina na daraja: yenye protoni moja ni hidrojeni, yenye sita ni kaboni, yenye 79 ni dhahabu, yenye 92 ni urani, na hukumu hiyo haina rufaa. Aliyeithibitisha, kwa kutumia miali ya eksirei, alikuwa kijana Henry Moseley mwaka 1913. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 27, aliuawa kwa risasi huko Gallipoli, na sidhani kwamba vita vile vilikula kichwa kilichokuwa na mengi zaidi ya kutoa. Chembe ya pili ni nyutroni, ambayo haina umeme wowote, na kwa sababu hiyo iliweza kujificha hadi mwaka 1932, James Chadwick alipoidhihirisha. Uzito wake unakaribiana mno na wa protoni, na faida yake ni kusaidia kuzishikamanisha protoni, ambazo, kwa kuwa zote zina umeme wa namna moja, zingechukiana na kutawanyika.

Elektroni nazo, katika atomu iliyo kamili, huwa sawa kwa idadi na protoni, na zile zikaazo nje ndizo zitendazo mambo yote tuyaitayo ya kemia: chuma kushika kutu, mafuta kuwaka, chumvi kuyeyuka majini, chakula kuiva. Kiini hakina habari ya hayo. Ukikiongeza nyutroni moja kiini cha hidrojeni, umeme wake haukuongezeka, elektroni yake haikubadilika, jina lake ni lile lile, na tabia yake karibu yote ni ile ile. Kilichozidi ni uzito peke yake. Atomu kama hizo, zilizo moja kwa jina na mbalimbali kwa uzito, ndizo isotopu. Frederick Soddy aliieleza hali hiyo mwaka 1913 akiwa Glasgow, na mwaka 1919 Francis Aston, kwa chombo chake kinachoipinda njia ya atomu zenye umeme, nzito zikipinda kidogo na nyepesi zikipinda zaidi, akaonyesha kwamba gesi ya neoni, ambayo uzito wake wa 20 na nukta ulikuwa umewatatiza wengi, ni mchanganyiko wa atomu za 20 na atomu za 22. Harold Urey naye, mwaka 1931, akaifichua hidrojeni nzito, ambayo imo katika bahari yote kwa kadiri ya atomu moja katika kila 6,400 hivi, na wavuvi wa dunia nzima wameishi juu yake tangu zama za Nuhu pasipo kuihisi.

Urani, basi, daima ina protoni 92. Zilizo nyingi katika atomu zake zina nyutroni 146, na jumla ni 238. Chache zina nyutroni 143, na jumla ni 235. Kwa kuwa kemia haitambui tofauti hiyo, hakuna mto, joto wala volkano iwezayo kuzitenga, na kwa hiyo zimesafiri pamoja tangu kuumbwa kwa dunia, hata ikawa popote zilipopimwa, Katanga au Kanada au Australia, katika mawe yaliyoletwa kutoka mwezini, na katika vimondo, uwiano ni ule ule wa 720 katika laki. Wanadamu ndio wanaozitenga, tena kwa taabu kubwa. Pale Pierrelatte urani iliunganishwa na florini ikawa gesi. Na florini ilifaa kwa sababu, pamoja na fadhila zake nyingine, atomu zake zote zina uzito mmoja wa 19, na hivyo tofauti ya uzito katika gesi hiyo hutokana na urani peke yake. Molekuli nzito ina uzito wa 352 na nyepesi 349. Gesi hiyo hupitishwa katika kuta zenye vitundu vidogo mno, ukuta baada ya ukuta, mamia kwa mamia, na ile nyepesi kila mara hutangulia kwa hatua ndogo ambayo peke yake haina maana, lakini ikikusanywa hufanya silaha.

Maadamu maumbile hayana kiwanda cha namna hiyo, upungufu uliomo mwambani ulikuwa na jawabu moja tu: zile atomu hazikutengwa, ziliangamia. Na atomu haiangamii kwa moto. Kuni zikiteketea hadi majivu, kila atomu iliyokuwamo ingaliko, imehama tu makazi. Kinachoweza kuiangamiza ni kupasuka kwa kiini. Nyutroni za urani 235 ni za witiri, na inapojiwa na nyutroni moja ya mwendo wa polepole, ile iliyokuwa haina mwenzi ikapata mwenzi, nguvu inayofunguka kwa kuungana huko hutosha kukipasua kiini vipande viwili, na pamoja navyo hutoka nyutroni mpya mbili au tatu. Urani 238, ambayo nyutroni zake ni za shufwa, haipasuliwi na mgeni wa namna hiyo. Aghalabu humsukuma kando au hummeza, na ikimmeza hugeuka hatimaye kuwa plutoni.

Lakini nyutroni zitokazo katika mpasuko huruka kwa kasi kubwa mno hata hazikamatiki vyema, na ili mpasuko mmoja uzae mwingine sharti zipunguzwe mbio, na hakuna kizuio bora kuliko kiini cha hidrojeni ambacho ni cha uzito wao: gololi ikigonga gololi mwenzake husimama na kumwachia mwendo, bali ikigonga ukuta hurudi na karibu mbio zake zote. Maji, ambayo thuluthi mbili za atomu zake ni hidrojeni, yanatosha kwa kazi hiyo, mradi urani 235 iwe nyingi kuliko ilivyo leo.

Na zamani ilikuwa nyingi. Isotopu zote mbili za urani huoza zenyewe polepole, kwa mnururisho ambao hakuna awezaye kuuharakisha wala kuuchelewesha, lakini hazina umri mmoja: nusu ya urani 238 hutoweka katika miaka milioni 4,470, na nusu ya urani 235 katika miaka milioni 704 tu. Kadiri turudivyo nyuma, ndivyo ile nyepesi izidivyo kuwa na fungu kubwa, na miaka milioni 2,000 iliyopita ilikuwa imepita 3 katika mia, yaani sawa na ile ambayo leo mafundi huitengeneza kwa gharama ili waitie katika vinu vya umeme. Hesabu hiyo alikuwa ameipiga mapema Paul Kuroda, Mjapani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Arkansas, na mwaka 1956 akaandika kwamba mbale tajiri iliyolowa maji katika zama hizo ingeweza kujiwasha yenyewe. Miaka kumi na sita ikapita. Septemba 1972 mwanafizikia Francis Perrin akatangaza mjini Paris kwamba jambo hilo limetokea, na limetokea Gabon. Inapendeza kukumbuka kwamba Perrin huyu alikuwa mwana wa Jean Perrin, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1926 kwa kazi iliyowanyamazisha wale wa mwisho waliokana kuwako kwa atomu.

Tangazo halikuwa dhana tupu, kwa maana kiini kinapopasuka huacha vipande, na vipande vina wasifu wao. Ushahidi ulio mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa neodimi, madini adimu ambayo katika mawe ya kawaida zaidi ya robo ya atomu zake ni zenye uzito wa 142. Mpasuko wa urani huzaa neodimi za uzito mwingine, lakini hiyo ya 142 hauizai, kwa sababu njia ya kuifikia imezibwa na atomu nyingine ya uzito huo huo ambayo imetulia wala haiozi. Ilipopimwa neodimi ya Oklo, fungu la 142 lilikuwa chini ya 6 katika mia, na zile zilizozidi zilikuwa ndizo hizo hizo zinazozidi katika taka za vinu vya leo. Palibaki nafasi gani ya shaka? Wako watu, nao hawakosekani, waliokimbilia kusema kwamba kinu kile kilijengwa na kaumu iliyopotea au na wageni kutoka sayari nyingine. Hao hawakuitazama neodimi, wala hawakujiuliza kwa nini fundi mwenye maarifa hayo asiache hata msumari mmoja.

Fundi alikuwa maji, na kabla ya maji, hewa. Urani haiyeyuki kwa urahisi katika maji yasiyo na oksijeni, na dunia ya awali haikuwa na oksijeni hewani. Ilipoanza kuongezeka, kwa kazi ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, maji yakaweza kuichukua urani iliyotawanyika katika mawe, kuisafirisha, na kuiweka chini kwa wingi pale yalipokutana na vitu vya kuinyima oksijeni tena. Hivyo ndivyo ulivyojengeka mrundo wa Oklo katika changarawe na mchanga wa kale, ukalowa, na katika sehemu kumi na sita hivi, kwa wakati wake, ukawaka. Haukulipuka. Maji yalipopata joto yalichemka na kutoka, nyutroni zikakosa cha kuzipunguza mbio, mpasuko ukakoma. Mwamba ukapoa, maji yakarudi, mambo yakaanza upya.

Kwamba ilikuwa hivyo tunajua kwa ushuhuda wa gesi ya zenoni. Alex Meshik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, katika kazi waliyoitoa mwaka 2004, walipima zenoni iliyonaswa katika chembe za fosfeti ya alumini, wakaona kwamba isotopu zake hazikuwa katika mafungu yaliyotazamiwa. Na kwa kuwa kila isotopu ya zenoni hutanguliwa na mzazi mwenye umri wake, mmoja wa dakika na mwingine wa siku, waliweza kukisia ni zipi zilizozaliwa mwamba ukiwa wa moto, zikatoroka, na ni zipi zilizozaliwa ukisha kupoa, zikanaswa. Jawabu lao ni kwamba kinu kiliwaka kama nusu saa, kikazima muda wa saa mbili na nusu, kikawaka tena. Jambo lililotukia miaka milioni 2,000 iliyopita kulipangia dakika zake, na saa yenyewe ni mafungu ya atomu tu! Nguvu yake kwa wastani haikuwa kubwa, kama kilowati 100, lakini iliendelea kwa malaki ya miaka, ambapo kinu cha kwanza cha wanadamu, kile cha Enrico Fermi huko Chicago cha tarehe 2 Desemba 1942, kilifanya kazi dakika chache tu siku ile.

Wanaoshughulika na kuzika taka za nyuklia wameitembelea Oklo kwa matumaini, kwa sababu sehemu kubwa ya mabaki ya mpasuko, na plutoni yote iliyozaliwa humo kabla ya kuoza, hayakusogea ila kidogo, pasipo sanduku wala zege. Binafsi naona wengine wamelitumia jambo hili kupita haki yake: udongo wa Oklo ulikuwa ni bahati, na bahati ya mahali pamoja haiwi kibali cha mahali pengine. Huzuni ni kwamba vinu vyenyewe, vilivyo vingi, vilichimbwa na kusagwa pamoja na mbale iliyobaki, kwa kuwa kampuni ilikuwa na mteja wa urani na haikuwa na mteja wa ajabu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ajabu hiyo isitokee kwetu, karibu zaidi na wasemao Kiswahili, pale Shinkolobwe katika Katanga, ambako palichimbwa mbale ambayo theluthi mbili yake ilikuwa ni oksidi ya urani, utajiri ambao Oklo haikupata kuukaribia kwa wastani. Kosa la Shinkolobwe ni ujana. Mbale yake haijafika miaka milioni 700, na ilipoundwa urani 235 ilikuwa imekwisha kushuka hadi kama moja na robo katika mia, na kwa kiasi hicho maji ya kawaida hayawezi tena kuwasha chochote, yawe mengi namna gani. Ilibakia mpaka aje wa kuichambua kwa mikono. Na katika miaka ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya urani iliyopelekwa Marekani, ikatengwa 235 yake huko Oak Ridge katika jimbo la Tennessee kwa sumaku na kwa kuta zile zile za vitundu, ilikuwa imetoka Shinkolobwe.